Nilivyovuka Bahari Kwenda Kutazama Tundu

Ukipanda pantoni pale Branden, kaskazini mwa rasi ya Jutland huko Denmark, hujamaliza kupandisha zipu ya koti umeshafika kisiwa cha Fur. Dakika tano hazitimii. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Masoko. Kuvuka kwenda Kisiwani nimevuka kwa jahazi na kwa boti ya mashine tangu sijajua kusoma, na katika hesabu yangu huu ndio mvuko mfupi kuliko yote niliyowahi kulipia nauli. Kwa baridi, lakini, ulikuwa mrefu. Ilikuwa Oktoba, na upepo ulipita kwenye matundu ya vifungo kana kwamba njia hiyo umeizoea.

Mdogo wangu alinitazama ninavyotetemeka, akacheka. "Dada, baridi yenyewe bado haijaanza."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Mambo ya viza siyasemi, maana nikianza sitafika Fur. Kilichonitoa nyumbani ni ubishi. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili huko Aarhus, na kila mama akimuuliza kwenye simu anasoma nini, jibu lilikuwa moja: visukuku vya dinoflajelati. Mama akikata simu ananigeukia: "Kasema nini?" Na mimi ni fundi cherehani, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba pamoja na cherehani yenyewe. Ningemjibu nini? Siku moja kijana akatutumia picha ya huyo mdudu wake. Mama akaona tiara. Mimi nikaona shati la mtoto lililoanikwa, mikono imetanuka. Nikamwandikia: shati lako lina tundu mgongoni, nani kalichana? Akajibu: hilo tundu ndilo ninalolisomea. Nikasema basi nakuja kuliona.

Ugonjwa wenyewe aliupatia nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuja Kilwa na Lindi wataalamu kutoka Uingereza, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli, wakawa wanachoronga ardhi. Watu walidhani wanatafuta mafuta. Walikuwa wanatafuta udongo. Huu udongo wa mfinyanzi wa kwetu, ambao sisi tunaujua kwa kukwamisha magari wakati wa masika, kumbe umetunza makombe ya viumbe vidogo vya bahari ya kale yakiwa bado maangavu kama kioo. Shimo mojawapo, waliloliita TDP 14, lilipita kwenye tabaka la miaka milioni 56 iliyopita. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Alishinda kwenye mtambo, akarudi jioni mweupe kwa vumbi, akachapwa, kesho yake akaenda tena.

Sasa yuko Fur kwa sababu tabaka la umri uleule lipo hapa, ufukweni, bila haja ya mtambo. Unahitaji beleshi, kibali, na mgongo usiouma. Mahali penyewe panaitwa Stolleklint, upande wa kaskazini wa kisiwa. Udongo unaotafutwa umejificha chini ya mchanga na kokoto za pwani. Shimo la kwanza tulichimba alipoonyesha yeye, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma. Tukapata mchanga, chini yake mchanga, kisha wimbi moja likaja likajaza kila kitu na viatu vyangu juu. Akatazama ramani, akatazama mwamba, akasogea hatua kama ishirini. La pili lilitoa udongo mweusi wa kijivu, mzito, ambao ukiubandua kwa ncha ya kisu unabanduka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyosukumwa na mtu anayejua. Akaufunga kwenye mifuko ya plastiki, akaandika namba, akaandika tena ndani kwenye kikaratasi. Hapo nilimheshimu. Baba naye alikuwa akiandika vipimo vya mteja mara mbili.

Huu udongo ulitua chini ya bahari wakati dunia ilipopata homa. Miaka milioni 56 iliyopita kaboni nyingi ilimwagika angani na baharini kwa muda ambao wanajiolojia wanauita mfupi, joto la dunia likapanda nyuzi 5 au zaidi, na ikachukua kama miaka laki 2 kushuka. Viumbe vilivyozoea maji ya vuguvugu vikaenda popote vilipotaka. Mwaka 2004 meli ya kuchoronga ilivunja barafu hadi jirani na Ncha ya Kaskazini, ikatoa udongo wa wakati huohuo chini ya Bahari ya Aktiki, na ndani yake wakamkuta huyuhuyu mwenye shati. Maji ya juu ya bahari ile, wakakisia, yalikuwa yamepanda kutoka nyuzi 18 hadi zaidi ya 23. Nikiwa na soksi zilizolowa, habari hiyo ilinipa wivu.

Mchana tulikwenda kuona miamba mirefu ya Knudeklinterne, na ningekuwa mtalii wa kawaida ningeandika habari yake peke yake. Ni udongo mwepesi wa rangi ya maziwa, wenyeji wanauita moler, uliojengwa kwa maganda ya mwani wa silika, na ndani yake imepita mistari myeusi ya majivu ya volkano zilizolipuka Greenland ilipokuwa ikiachana na Ulaya. Matabaka ya majivu ni zaidi ya 170, na kila moja lina namba, hasi kwa ya chini na chanya kwa ya juu. Baadaye barafu ikaja ikayasukuma yote, yakajikunja kama kitambaa cha mistari alichokalia mtu. Kipande cha moler ukikishika unadhani umeshika mkate mkavu. Hutengenezwa matofali ya kuzuia joto, na pia mchanga wa choo cha paka. Niliokota kimoja kidogo kilichoanguka chini, kwa ajili ya mama.

Kule Aarhus hatukungoja udongo wetu, kwani kuutayarisha ni kazi ya siku nyingi. Mdogo wangu alikuwa na slaidi za mwaka uliopita kutoka ufukwe uleule. Lakini alinisimamisha mlangoni nione inavyofanyika. Udongo hutiwa kwanza asidi ya hidrokloriki, ile ya kula chokaa. Kisha hutiwa ya hidrofloriki, na hii ndiyo inayotisha, maana hula silika, yaani jiwe lenyewe. Hula na kioo pia, kwa hiyo vyombo vyote ni vya plastiki, na jirani kabisa pamewekwa jeli ya kalsiamu kwa ajili ya atakayedondokewa, kwa sababu ikipenya ngozi inakwenda kutafuta mfupa. Mwamba mzima unayeyuka. Kinachobaki ni chembe za kahawia: chavua, vipande vya majani yaliyooza, na maganda ya dinoflajelati, yaliyotengenezwa kwa kitu kigumu kinachoitwa dinosporini ambacho asidi haikiwezi. Huchujwa kwa chekecheo la matundu madogo mno, kisha tone moja hubandikwa kwenye slaidi kwa jeli ya gliserini.

"Kaa. Usiegemee meza," akaniambia, akanipisha kwenye hadubini.

Nitaeleza nilichokiona kwa lugha ya kazi yangu, naye aliniambia si vibaya.

Kipimo chake, pembe na yote, ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Rangi ni ya chai nyepesi. Umbo lina ncha tano: moja ya kichwani, mbili za mabegani, mbili za chini. Zile za chini hazilingani, na nikamwambia upindo huu umekwenda upande. Akasema ndivyo ukoo wote ulivyo, ya kushoto ndiyo huwa ndefu, na usiicheke, kwa sababu ndiyo inayokujulisha kama unamwona kwa mgongo au kwa tumbo. Ukimwona kwa mbele kama mtu amesimama mbele yako, kushoto kwake ni kulia kwako. Fundi anajua. Nguo ukiigeuza ndani nje bila kuweka alama, utashona mkono wa kulia kushoto.

Halafu kitambaa kina bitana. Kuta ni mbili, ya ndani na ya nje. Katikati ya mwili zimegandana, huwezi kuzitenganisha kwa jicho. Zikifika kwenye ncha, ya ndani inakata kona na kurudi, ya nje inaendelea peke yake mpaka mwisho, kwa hiyo kila pembe ni mfuko mtupu. Juu ya kitambaa pana miiba midogo, ambayo mimi niliiita darizi. Na pembe za spishi hii ni ndefu kuliko za jamaa zake wa karibu. Mwingereza Rex Harland ndiye aliyeielezea kisayansi, mwaka 1979, na jina la pili la spishi likawa augustum, Kilatini cha kitu chenye utukufu. Sikuona utukufu mara moja. Ilibidi nizungushe kile kirungu cha kusogeza lenzi polepole, ncha moja ikififia nyingine ikijitokeza, ndipo nikaona kwamba yule mtu wa karatasi ana kina. Tangu hapo sikutaka kumpisha mwenye hadubini.

Lakini kiumbe aliyevaa hivi hakuogelea akiwa hivi. Akiwa majini dinoflajelati ana mijeledi miwili. Mmoja humzunguka kiunoni ndani ya mfereji, kama mkanda kwenye lupu zake. Wa pili huning'inia kwenye mfereji wa tumboni na kumsukuma. Huenda akijizungusha, na ndiyo maana ya jina lake, Kigiriki cha kuzunguka na Kilatini cha mjeledi vimeunganishwa. Jamaa zake wa leo ndio wanaofanya maji yawake usiku ukipiga kasia. Vazi la kuogelea la wengi wao ni la vipande vya selulosi vilivyokutana kwa mishono, na kila kipande kina herufi na namba kwa utaratibu ulioachwa na Mmarekani Charles Kofoid. Wakati wa kupumzika ukifika, baadhi yao hushona vazi jingine ndani ya lile, gumu zaidi, wakazama nalo hadi chini. Hilo la pili ndilo sisti, na ndilo linalokaa miaka milioni 56.

Kwenye sisti za ukoo huu mishono imefutika karibu yote. Hujui kipande kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Kipande kimoja tu ndicho kinachojionyesha, kwa sababu kimetoka. Kipo mgongoni, juu ya kiuno, ni cha katikati katika safu ya vipande vitatu, nacho huitwa 2a. Kwa binamu zake wengi walio nje ya ukoo huu kipande hicho kina pande sita. Kwa ukoo huu kina pande nne. Yeye mwenyewe, alipoamka pale chini, alikisukuma akatoka hapo. Hilo ndilo lile tundu. Wataalamu wanaliita arkeopaili, maana yake lango la kale.

Mimi hapo nilielewa zaidi ya nilivyotegemea. Mteja akikuletea shati la kuiga, usianze na darizi. Tazama shingo. Darizi ananakili yeyote mwenye uzi. Jinsi shingo ilivyokatwa inakwambia shati limetoka kwa fundi gani.

Ilichukua watu miaka zaidi ya mia kuitazama hiyo shingo. Christian Ehrenberg wa Berlin aliviona viumbe hivi kwenye vipande vyembamba vya mawe ya gumegume katika miaka ya 1830. Wengine aliwatambua kuwa dinoflajelati, kwa sababu mkanda wa kiunoni ulionekana; ila matufe yenye miiba aliyafananisha na mwani wa maji baridi. Waliomfuata wakayaita matufe hayo kwa jina la nungunungu kwa Kigiriki, histrikosfera, wakayaweka kapu la vitu visivyojulikana kwao. Hadi mwaka 1961, Mmarekani William Evitt alipoacha kuhangaika na miiba akatazama matundu. Tundu halikuwa mpasuko wa ajali. Lilikuwa na kingo, umbo na mahali pake, nalo lililingana na kipande kimojawapo cha vazi la dinoflajelati. Kapu likamwagwa. Muda si mrefu, katika miaka hiyohiyo ya 1960, David Wall na Barrie Dale walichukua sisti hai kutoka kwenye matope ya bahari ya sasa, wakazitunza maabara, wakaona viumbe wenyewe wakitoka mlangoni.

Ungedhani baada ya hapo ni amani. Mdogo wangu alifungua droo, akanionyesha slaidi yenye lebo iliyokatwa kwa kalamu. Pale palipoandikwa Apectodinium augustum, mstari umepita juu ya neno la kwanza, na pembeni pameandikwa Axiodinium. Neno la pili halikuguswa. Hata kiishio chake hakikubadilika, kwa sababu majina yote mawili ya jenasi ni ya ngeli moja kwa Kilatini. Juu ya mstari ule, kwa mkono mwingine, mtu ameweka alama ya kuuliza.

Kisa ni hiki. Kwa muda mrefu ukoo huu uligawanywa kwa darizi na pembe: wenye miiba ya namna hii jenasi hii, wenye mapindo ya namna ile jenasi ile. Mwaka 2015 Graham Williams wa Kanada na wenzake watatu walichapisha makala ndefu ya kuupanga upya ukoo wote kwa umbo la tundu. Je, upana wake umezidi urefu? Kipande kinang'oka kizima, au kinabaki kimeshikwa na ukingo mmoja kama mfuniko wa birika? Hata kichwa cha makala kilikuwa na mzaha, kwa kuwa Kiingereza cha tundu na Kiingereza cha kitu kizima hutamkwa sawa. Apectodinium ikapasuliwa, na huyu wa homa ya dunia, ambaye kila mchimbaji wa Bahari ya Kaskazini anamjua kwa jina kwa sababu akionekana tu ujue umefika tabaka la milioni 56, akahamishiwa jenasi mpya. Mwaka 2017 kundi lingine, Peter Bijl wa Utrecht akiwa wa kwanza kwenye orodha, likaandika kuupinga mpango huo. Sasa kuna maabara zinazoandika hivi na maabara zinazoandika vile, na mdudu ni mmoja.

"Wewe uko wapi?" nikamuuliza.

"Kwa wa zamani."

Nikashangaa. Mtoto wa Mzee yuleyule, aliyekuwa akituamsha usingizini turudie shingo iliyokaa vibaya, anaacha shingo anachagua darizi? Akanivuta kwenye hadubini. "Haya, dada. Kila slaidi nahesabu sisti 300. Nipe majina ya hizi hapa."

Ya kwanza ilikuwa imelala tumbo juu, tundu liko upande wa pili. Ilibidi nilitafute kwa kuzungusha lenzi hadi nilione kwa chini, kama shingo ya nguo iliyogeuzwa. Ya pili ilikuwa imekunjwa mara mbili. Ya tatu kipande cha 2a kilikuwa kimeingia ndani na kulala juu ya tundu lake lenyewe, hujui ni ukingo wa kipande au ukingo wa tundu. Ya nne imechanika kuanzia tunduni hadi begani, na mchaniko umelibadilisha umbo. Pembe na miiba zilionekana kwa zote nne. Alikuwa amekunja mikono, ananingoja.

Nikamwambia kutoonekana vizuri hakuifanyi shingo iwe si shingo. Akasema na kuonekana kwa shida kuna gharama yake. Ukilazimisha jina pale usipoona, umeandika uongo nadhifu. Ikawa hivyo hadi saa mbili usiku, ndugu wawili wa Kilwa wanabishana Aarhus juu ya tundu ambalo halifikii unene wa nywele. Mwisho tulifika kwenye sisti ya tano, iliyotulia chali, mgongo kwetu, tundu wazi la pande nne, na mfuniko wake umening'inia kwa upande mmoja. Nikasema huyu je? Akamtazama kwa muda. Akaandika jina jipya kwenye fomu yake, kwa penseli, akaongeza alama ya kuuliza. Kumbe ile alama ya kwenye lebo nayo ni mwandiko wake.

Nilirudi nyumbani siku ya tisa. Mama alipokea kile kipande cha moler, akakipima mkononi, akasema jiwe gani hili halina uzito, na nilipomwambia huko wanafanyia choo cha paka akakiweka dirishani, mbali na sufuria. Kisha akaniketisha.

"Haya. Umemwona huyo mdudu wa mdogo wako?"

"Nimeiona nguo yake, mama. Ina mlango mgongoni. Mwenyewe alishatoka."

"Alitoka lini?"

"Miaka milioni 56."

Mama akanyamaza, akipepeta mchele. "Kumbe kule kote anasoma nguo," akasema. "Si angebaki tu hapa kwenye cherehani ya baba yake."